Sanaa Isiyo na Sura na Macho ya Ufipa

Liko swali moja ambalo kila mchoraji wa siku hizi amekwisha kuulizwa, awe yuko Dar es Salaam, Nairobi au Sumbawanga: "Hii ni picha ya nini?" Huulizwa mbele ya turubai iliyojaa rangi, mistari na mabaka, ambamo hamna mtu, wala mnyama, wala mti wa kutambulika. Mchoraji akijibu kwamba si picha ya kitu chochote, muulizaji hutikisa kichwa na kwenda zake, akiamini ama amefanyiwa mzaha, ama mchoraji hajui kazi yake. Wengine huongeza neno la tatu, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu: husema kwamba sanaa ya namna hiyo ni mali ya Wazungu, haina asili kwetu, na kijana wa Rukwa anayeishughulikia amepotea njia.

Hatumlaumu anayeuliza. Kuuliza si ujinga, na mtu aliyetoa muda wake kuitazama kazi ya mwenzake ana haki ya kuelezwa. Lakini hili neno la tatu hatuwezi kuliacha lipite hivi hivi. Si la kweli kwa historia, na kwa watu wa uwanda huu wa Ufipa si la kweli mara mbili. Aidha, lina madhara, kwa maana mtu akiisha kusadiki kwamba jicho lake halikupata kamwe kujua jambo fulani, hataona hasara yoyote jambo hilo likiharibiwa mbele yake.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Tunaposema sanaa dhahania, twakusudia kazi ambayo haikukusudiwa kufanana na kitu. Msanii huacha sura ya nje, akashika kile kilichobaki: mpangilio, uzito, mwendo wa mstari, rangi inayogombana na jirani yake. Wengine hukivunja kitu vipande vipande na kuvipanga upya, ili tukione kwa pande nyingi kwa wakati mmoja. Wengine hawashughuliki na kitu kabisa, bali na nafasi iliyo kati ya kitu na kitu, ile ambayo kwa kawaida macho yetu huiruka. Wote hawa wanauliza jambo moja: tunapotazama, tunaona nini hasa, na ni kiasi gani tunachojaziwa na mazoea?

Huko Ulaya njia hii ilishika nguvu katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Pablo Picasso, Mhispania aliyeishi Ufaransa, alifika mwaka 1907 katika jumba la makumbusho la Trocadéro mjini Paris, akakuta humo vinyago kutoka Afrika na visiwa vya Pasifiki. Mwaka huo huo alichora picha ya wanawake watano ambayo nyuso na viungo vyao vimekatwa kwa pembe kali, na wachoraji wengi wa Ulaya wakabadilika baada yake. Miaka michache baadaye Wassily Kandinsky wa Urusi na Piet Mondrian wa Uholanzi waliiacha sura ya vitu kabisa. Basi mwenye kusema kwamba kukivunja kitu vipande ni elimu iliyotoka Ulaya kuja Afrika, ameisoma barua hiyo kuanzia mwisho. Wachongaji waliovitengeneza vile vinyago hawakuandikwa majina, lakini mikono yao ilitangulia.

Turudi karibu na nyumbani. Kusini mwa mpaka wetu, katika miamba ya karibu na Kasama nchini Zambia, kuna michoro ya kale kwa mamia. Baadhi ina wanyama. Lakini sehemu kubwa haina mnyama wala mtu: ni duara ndani ya duara, mistari iliyopangwa kama ngazi, safu za nukta na miale. Wataalamu huihusisha michoro ya namna hiyo na Wabatwa, watu wa kuwinda na kuokota walioishi katika nchi hizi kabla ya wakulima na pamoja nao. Michoro inayofanana na hiyo imeonekana Nyero nchini Uganda, na katika kisiwa cha Mfangano nchini Kenya. Si mchezo wa mtu mmoja aliyekuwa na muda wa kupoteza. Ni desturi ya kuchora iliyoenea katika eneo kubwa kuzunguka maziwa, iliyojua kuongea pasipo kuiga sura ya kitu.

Kisha yapo maporomoko ya Kalambo, yaliyo mpakani mwa Tanzania na Zambia, ambako mto huanguka zaidi ya meta 200 bila kugusa jabali njiani. Mwanaakiolojia J. Desmond Clark alianza kupavumbua mahali hapo mwaka 1953. Miongoni mwa yaliyopatikana ni vyungu vya wakulima wa mwanzo wa zama za chuma, vilivyopambwa kwa mifuo sambamba na safu za vipembe vidogo vilivyopangwa mdomo kwa mdomo. Mfinyanzi wa Kalambo hakuchora ng'ombe wala samaki juu ya chungu chake. Alichora mpigo.

Jambo la kustaajabisha zaidi lilitangazwa mwezi wa Septemba mwaka 2023. Timu iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool ilieleza kwamba, upande wa Zambia wa maporomoko hayo, ilikuta magogo mawili yaliyounganishwa kwa makusudi, moja likiwa limelazwa juu ya lingine na kushikwa na pengo lililochongwa. Umri wa kazi hiyo ulikadiriwa kuwa miaka 476,000 hivi, yaani kabla binadamu wa namna yetu hajatokea duniani. Tafadhali msomaji, lifikirie lile pengo. Fundi yule hakuongeza kitu, alipunguza. Alitambua kwamba gogo na gogo hayakai pamoja kwa wingi wa mti, bali kwa kile kilichoondolewa. Hatudai kwamba alikuwa mchoraji. Twasema tu kwamba kuiona nafasi tupu kuwa ni kitu, na kitu chenye kazi, ni fikra iliyopata kuishi jirani na Ufipa kabla ya shule yoyote ya sanaa.

NCHI YA KATIKATI

Ufipa yenyewe ni nchi ya katikati. Upande wa magharibi, chini kabisa, liko Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu meta 1,470. Upande wa mashariki liko Ziwa Rukwa, ambalo halina kina wala mto wa kutokea, na ambalo hupanuka na kusinyaa hata wavuvi hawajui mwaka ujao ufuko utakuwa wapi. Kati ya mabonde hayo mawili ya ufa uwanda umeinuka, baridi na wenye upepo, na katika milima ya Mbizi juu ya Sumbawanga hupita meta 2,000. Wataalamu wameandika kwamba hata jina la Wafipa asili yake ni genge, yaani ule ukingo ambapo nchi hukatika ghafla, na kwamba wafanyabiashara wageni ndio waliowaita wenyeji watu wa gengeni. Kama ndivyo, basi watu hawa hawakupewa jina la mlima wala la bonde, bali la mahali pale ambapo kimoja huisha na kingine hakijaanza.

Aliyepata kusimama juu ya Lyamba lya Mfipa wakati wa kiangazi anajua tunachosema. Chini yake bonde la Rukwa limefunikwa na ukungu wa vumbi na moshi wa nyasi. Ziwa halionekani kama ziwa: huonekana mkanda mweupe, kisha mkanda wa kijivu, kisha mwingine ambao huenda ni maji na huenda ni mbingu. Macho hujaribu kuchora ufuko, yakashindwa, yakajaribu tena. Mtu aliyezoea mandhari hiyo tangu utotoni hahitaji mwalimu wa kumweleza kwamba kuona ni kazi, wala si jambo linalotokea lenyewe.

Katika masimulizi ya kale ya Ufipa pia, jambo la katikati lina mahali pakubwa. Husimuliwa kwamba Milansi ndiyo mji wa kwanza, na Ntatakwa, aliyeshuka kutoka juu, ndiye mtawala wake wa kwanza. Baadaye walifika wanawake watatu wageni kutoka mbali, mababu wa ukoo wa Watwaci. Mtawala wa Milansi alikuwa mawindoni. Mkewe alikuwa peke yake nyumbani. Wageni wakakipata kiti. Mume aliporudi hakukuwa na vita. Palikuwa na mapatano: Watwaci wachukue utawala wa nchi, na Milansi ibaki na mji wake, mlima wake na heshima ya utangulizi katika mambo ya ibada. Utawala wa Watwaci nao ukaja kugawanyika, pakawa na Nkansi na Lyangalile.

Roy Willis, mtaalamu wa elimu ya jamii kutoka Uingereza aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliyachunguza masimulizi hayo kwa muda mrefu. Katika makala aliyoitoa mwaka 1967 alieleza kwamba Wafipa huyafikiri mambo mengi kwa mfano wa mwili wenye sehemu mbili: kichwa, ambacho ni cha juu, kilichotulia, chenye akili na ukubwa, na kiuno, ambacho ni cha chini, chenye nguvu, uzazi na mabadiliko. Milansi ni kichwa, Watwaci ni kiuno. Kinachotugusa sisi ni kwamba hadithi haimpi ushindi kamili mmoja wao. Maana yake haimo ndani ya Milansi wala ndani ya Watwaci, bali katika yale mapatano yaliyo kati yao. Jamii iliyojieleza hivyo kwa vizazi imezoea kutafuta uzito mahali pasipokuwa na mtu aliyesimama.

LUNGU, TUTA NA NGUO

Lakini tuache hadithi, tushike vitu vya mikono.

Mafundi wa Ufipa walikuwa mashuhuri kwa kuyeyusha chuma. Tanuri lao, liitwalo lungu, lilijengwa kwa udongo, pana chini na jembamba juu, na kimo chake kilimpita mtu. Mengine yalikaribia meta 3. Kuzunguka kitako chake palikuwa na matundu ya kupitishia mirija ya udongo. Makaa na mawe ya chuma yalimiminwa kutoka juu. Ajabu ya lungu ni kwamba halikuvukutwa. Mivukuto ilitumika baadaye, katika tanuri dogo la kusafishia chuma kilichopatikana. Lungu lenyewe lilivuta hewa kwa umbo lake tu: moto ulipopanda, hewa mpya iliingia kwa matundu ya chini, na kwa siku kadhaa nafasi ile tupu iliyofungwa na ukuta wa udongo ilifanya kazi ambayo vijana wengi wenye mivukuto wangechoka kuifanya.

Padri Wyckaert wa shirika la Wamisionari wa Afrika aliieleza kazi hiyo katika maandishi yake ya mwaka 1914. Mwaka 1937 Greig aliandika habari zake katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Baadaye walikuja watafiti wetu wenyewe, J. A. R. Wembah-Rashid, na kisha mwanaakiolojia Bertram Mapunda, ambaye alionyesha kwamba katika Nkasi peke yake kulikuwa na zaidi ya namna moja ya kuyeyusha chuma. Kutokana na maelezo hayo twajua kwamba lungu halikuhesabiwa kuwa chombo tu. Lilitendewa kama bibi arusi, likawekewa dawa na kuheshimiwa. Hata hivyo, na hili ndilo twalitaka, mafundi hawakulichonga lifanane na mwanamke. Walilijenga mche mkubwa wa udongo, mtupu ndani. Aliyekuwa na macho ya kuona alimwona bibi arusi katika umbo lisilo na uso wala mikono. Je, huyo angehitaji kuuliza, "Hii ni picha ya nini?"

Pili, tazama shamba. Mkulima wa Ufipa ana ufundi wake wa matuta ya mviringo, uitwao intumba. Mvua zinapokaribia kwisha hukata udongo pamoja na nyasi zake, akazigeuza nyasi zielekee ndani na kuzifunika, zikaoza na kuwa mbolea. Msimu unaofuata matuta hayo hutawanywa, na ulezi hupandwa juu ya udongo uliorutubika. Anayepita njiani huona vichuguu vya udongo, vimoja vimoja. Lakini apandaye kilima na kutazama nyuma huona jambo jingine: nukta kwa mamia, zilizopangwa kufuata mteremko, na kati ya nukta na nukta kivuli chenye umbo lake chenyewe. Hakuna kilichobadilika shambani. Amebadilika aliyesimama. Wachoraji wa dunia wametumia vitabu vizima kueleza jambo hilo, na mkulima wa Ufipa hulipanda kila mwaka.

Tatu, nguo. Kabla ya marekani na kaniki kuenea, bonde la Rukwa na Ufipa zilikuwa na wafumaji wa pamba, na wasafiri wa karne ya 19 waliotembelea pande hizi waliwataja. Mtambo wao ulilazwa chini, nyuzi za mtande zikanyooshwa baina ya miti miwili, na za mshindio zikapitishwa katikati. Mfumaji hafanyi kazi juu ya nyuzi peke yake. Anafanya kazi na uwazi uliopo kati ya nyuzi za juu na za chini, kwa maana bila uwazi huo mshindio hauna pa kupita. Ufumaji huo ulikufa kwa sababu nguo za viwandani zilikuwa rahisi zaidi, kama vile kuyeyusha chuma kulivyokufa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 majembe ya ng'ambo yalipojaa madukani. Hatulii kwa ajili hiyo. Watu walichagua kilichowapunguzia jasho, nao walikuwa na haki. Tunachosema ni kwamba kufa kwa kazi si lazima kuwe ni kufa kwa jicho lililoijua kazi hiyo.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Hapa msomaji makini atatukatiza. Atasema: lungu lilitoa jembe, tuta linatoa ulezi, nguo ilisitiri mwili. Turubai la mchoraji wa leo linatoa nini? Wazee hawakuyaita mambo hayo sanaa dhahania, na ninyi mnawavika joho ambalo hawakulishona.

Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba fundi wa lungu hakujiona mwenzake Mondrian, na ingekuwa upuuzi kumwita hivyo. Ni kweli pia kwamba umbo lililozaliwa na kazi si sawa na umbo lililotundikwa ukutani litazamwe tu. Lakini anayesema hivyo amekwisha kuliacha lile neno la tatu tuliloanza nalo. Hasemi tena kwamba jicho la Ufipa halikujua umbo lisilo na sura. Anasema kwamba lilijua, ila kwa kazi nyingine. Hapo sisi na yeye tumekubaliana, na linalobaki ni kuuliza kama umbo linaweza kuwa na kazi hata pale lisipotoa jembe.

Sisi twaamini linaweza. Wachongaji wa Kimakonde waliohamia kutoka kusini na kufanya kazi pande za Dar es Salaam walibuni, pamoja na mashetani na nguzo za ujamaa zinazojulikana na wengi, mtindo uitwao mawingu. Katika mtindo huo mpingo hupindwa na kutobolewa mpaka sura ya mtu huyeyuka, na mashimo yaliyoachwa huwa na uzito sawa na mti uliobaki. Hakuna profesa wa Ulaya aliyewaamuru. Naye Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ametengeneza kwa mikono, bila gurudumu wala rangi ya kung'arisha, vyungu ambavyo havipikiwi wala havitekewi maji, na watu husimama mbele yavyo kimya kama wanaosikiliza.

Mfano ulio bora kuliko yote kwa shauri letu ni Everlyn Nicodemus. Alizaliwa Marangu, mkoani Kilimanjaro, mwaka 1954, akaenda Sweden akiwa kijana, akasoma elimu ya jamii mjini Stockholm. Aliporudi nchini kwa utafiti alijikuta mahali pagumu: ni yeye mwenyeji, na ndiye pia mtafiti anayewachunguza wenyeji. Akaanza kuchora, na maonyesho yake ya kwanza yalifanyika katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1980. Katika picha yake ya mwaka 1982 aliyojichora mwenyewe, uso si mmoja. Ni nyuso kadhaa zinazoingiliana, kila moja ikitazama upande wake. Jumba la Taifa la Picha za Watu la London liliinunua picha hiyo miaka arobaini baadaye, na mwaka 2024 majumba ya sanaa ya taifa ya Uskoti yalimfungulia maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake yote.

Muulizaji wetu akisimama mbele ya picha hiyo na kuuliza ni ya nini, jibu lipo. Ni ya mtu anayeishi kati ya nchi mbili na lugha tatu, ambaye uso mmoja haumtoshi. Kama angechorwa kwa uso mmoja safi kama wa picha ya pasipoti, picha ingefanana naye lakini isingekuwa ya kweli. Hiyo ndiyo kazi ya umbo lililovunjwa: husema kweli ambayo umbo zima lingeificha. Na ni nani katika Rukwa asiyejua maisha ya namna hiyo? Wako watu wa mpakani wenye ndugu Tanzania na Zambia. Wako walioshuka bondeni na walioukwea uwanda. Wako vijana wanaosema Kifipa kwa bibi, Kiswahili kwa mwalimu na Kiingereza kwa karatasi ya mtihani. Wote wanazo nyuso zaidi ya moja, wala si wanafiki.

LILILO HATARINI

Tungeweza kuishia hapa, kama jambo hili lingekuwa la mazungumzo tu. Silo. Malungu ya Ufipa yaliyosalia yamesimama mashambani na maporini, mengine mazima kwa sehemu, mengine yamebaki vitako na chungu za mavi ya chuma. Mvua inayala, mizizi inayapasua, na jembe linayasogelea kila msimu. Mkulima akilibomoa lungu ili apate hatua kumi za kulima, hatumwiti mhalifu. Hajaambiwa na mtu yeyote kwamba kile ni kitu.

Na sheria haimsaidii sana kujua. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yale yaliyojengwa baada ya mwaka huo hayana ulinzi mpaka Waziri ayatangaze. Kwa kuwa malungu yaliendelea kujengwa hadi karne ya 20, mengi huenda yako upande usiofaa wa mwaka huo, na hayakuandikwa tarehe. Hivyo yamebaki katikati: ni ya kale mno kwa mtu wa leo kuyajali, na ni mapya mno kwa sheria kuyakumbatia. Nafasi ya katikati tuliyoisifu katika sanaa, hapa imekuwa shimo la kutumbukia.

Hatuna budi, basi, kusema tunachotaka kifanyike.

Kwanza, halmashauri za Nkasi, Kalambo na Sumbawanga, kwa kupitia maofisa utamaduni na watendaji wa vijiji, ziyaorodheshe malungu yaliyosalia: liko wapi, lina kimo gani, lina matundu mangapi, limesimama au limeanguka. Kazi hii haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, kamba ya kupimia na mtu wa kijiji anayejua njia. Orodha hiyo ikiisha kupatikana, maombi ya kutangazwa yapelekwe Wizarani yakiwa na ushahidi, wala si malalamiko matupu.

Pili, walimu. Mtoto wa Ufipa hufundishwa kuchora kikombe, chungwa na nyumba yenye dirisha mbili, na hupewa alama kwa kadiri vinavyofanana. Hatuna ugomvi na kikombe. Lakini mwalimu mmoja akiwatoa wanafunzi wake nje, akawapandisha kilima wakachora shamba la matuta kama lionekanavyo kutoka juu, kisha akawashusha wakachora tuta moja kwa karibu, kisha akawaambia wachore kivuli kilicho kati ya tuta na tuta, atakuwa amewafundisha katika siku tatu jambo ambalo wengine hulifuata ng'ambo kwa nauli kubwa.

Tatu, wazee. Wako bado wazee waliowasikia baba na babu zao wakisimulia habari za malungu na za mitambo ya kufumia. Maneno ya kazi hizo, kwa Kifipa chenyewe, yaandikwe kabla hayajafuatana na wenyewe kaburini. Kijana anayesoma chuo kikuu, akirudi likizo nyumbani, akae na babu yake jioni tatu na kalamu mkononi. Hakuna shirika litakalomfanyia kazi hiyo vizuri kuliko yeye.

Nne, tunamgeukia mwenyewe mchoraji, kwa kuwa naye ana deni. Wako wanaojificha nyuma ya neno dhahania kwa sababu hawakujifunza kuchora mkono wa mtu. Wako wanaoiga mabaka ya watu wa mbali, wakayauzia wageni hotelini kwa jina la Afrika. Fundi wa lungu hakuweza kudanganya: umbo likikosewa, hewa haikupita, na asubuhi hapakuwa na chuma. Mchoraji naye ajiwekee kipimo kikali kama hicho. Mstari usiokuwa na kazi auondoe. Nafasi akiiacha tupu, iwe inavuta.

Na msomaji wetu, atakaposimama siku nyingine mbele ya picha isiyo na mtu wala mnyama, tunamwomba asilitupe swali lake, bali aongeze jingine juu yake. Akiisha kuuliza ni picha ya nini, aulize pia: imefanya nini kwa macho yangu? Asubiri kidogo kabla ya kujibu. Asogee, kisha arudi nyuma hatua tano. Huenda bado akaona kwamba ni mabaka tu, na ana haki ya kusema hivyo kwa sauti, kwa maana si kila kilichotundikwa ni kizuri. Lakini asiseme kwamba mambo haya si ya kwetu. Yanayoshuhudia kinyume chake bado yamesimama huko Nkasi na Kalambo, kwenye nyasi ndefu, yanangoja mtu mwenye daftari.